Mashine ya tambi ya kazi ya udongo isiyosafishika

Mafundi wa shanga na herini,
Langoni, Lamu.

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: MASHINE 3 ZA TAMBI ZILIZOUZWA KWA KAZI YA UDONGO WA POLIMA

Baada ya salamu, tunawaandikia kuhusu mashine 3 za tambi mlizotuuzia, ambazo maboksi yake yameandikwa kuwa zinafaa kwa kubapa udongo wa polima, tunaotengenezea shanga. Zilifika nzima na mipini inazunguka sawasawa. Tunalolalamikia ni kwamba hazisafishiki, na karatasi ya maelekezo mliyoitia ndani inafundisha njia ya kuziharibu.

Karatasi inasema mashine ioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Udongo huu si wa mfinyanzi. Ni plastiki ya PVC iliyokandwa na kilainishi, na hauyeyuki majini. Maji hayaung'oi. Yanapenya kwenye ncha za rola na kwenye gia, pale ambapo chuma hakikupakwa kromu, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haikawii. Kutu ikichanganyika na grisi ya gia, hutoka pembeni mwa rola kama tope jeusi na kuupaka udongo mweupe. Shanga ikishaokwa, doa hilo halitoki.

Kinachosafisha ni spiriti. Kwanza hupitishwa donge la udongo chakavu mweupe, ukubwa wa ndimu, mara 4 au 5 kwenye nafasi pana kabisa, nalo hubeba rangi iliyobaki. Kisha kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa spiriti bila kudondoka, hushikwa juu ya rola huku mpini ukizungushwa, mbele na nyuma. Jiko liwe mbali, kwa sababu spiriti hushika moto upesi. Na anayeanza na nyeupe, akaja njano, kisha nyekundu, akamalizia nyeusi, hupunguza kazi hii sana.

Lakini hayo yote ni ya juu tu. Uchafu hasa hukaa chini, kwenye vikwangulio, zile bapa mbili zinazobanwa na springi zigusane na rola. Utando mwembamba wa udongo hunasa pale kila siku na kuwa mnene, mpaka kipande kinyofoke na kuchora mistari myekundu kwenye kazi nyeupe ya wiki nyingine. Ni lazima vitolewe. Katika mashine inayofunguka, nati za ubavuni hulegezwa kwa spana, kifuniko cha chini kikatoka, springi zikaachiliwa, vikwangulio vikasuguliwa kwa mswaki na spiriti, vikarudishwa. Zenu zimepigwa ribiti. Hakuna nati, hakuna skrubu. Kijiti cha mshikaki kinafika ukingoni tu, na kisu kinakwaruza rola, na kila mkwaruzo huo utaonekana kwenye kila bapa la udongo litakalopita.

Tena vikwangulio vyenyewe ni vya plastiki isiyofaa. Udongo mbichi ukikaa juu yake, kilainishi huingia ndani ya plastiki na kuifanya inate. Kwenye mashine 2 kingo zimeshajikunja, na udongo sasa unapita kwenye mwanya huo na kujizungusha kwenye rola badala ya kushuka. Vikwangulio vya chuma havina ugonjwa huu.

Lililotushtua zaidi ni picha ya boksi: upande mmoja tambi, upande wa pili shanga. Mashine iliyopitishwa udongo wa polima hairudi tena kwenye chakula, hata ikisafishwa vipi. Hapa kwetu nyumba nyingi hupika tambi mwezi wa Ramadhani, na mtu anaweza kuiazima mashine hii kwa nia njema kabisa. Onyo hilo halimo popote. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya habari za kumwezesha kuzitumia ipasavyo. Hapa vyote viwili vimekosekana.

Tunaomba mashine zinazofunguka, zenye vikwangulio vya chuma na jozi moja ya akiba kwa kila mashine. La sivyo, turudishiwe fedha pamoja na nauli ya mzigo kutoka Mombasa hadi Mokowe na ya boti hadi Lamu. Karatasi ya maelekezo iandikwe upya: maji yaondolewe, spiriti iwekwe, onyo la chakula liandikwe kwa herufi kubwa, na ielezwe kwamba ncha za rola hutiwa tone moja la mafuta ya cherehani, si mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kunata.

Mashine zote zimerudishwa kwenye maboksi yake pamoja na mipini na majiliwa. Tunasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu waaminifu,
Mafundi wa shanga na herini, Langoni