Sola ya Ardhini ya Kujijengea: Anza na Upepo, Paneli Baadaye

Wateja wanaotaka kujijengea sola uani huanza kwa kutuuliza paneli gani ni bora. Tunawajibu kwa swali: uani kwako upepo unavumaje? Paneli nzuri hudumu miaka 25 na zaidi. Msingi ukiwa mbovu, hazitafika huko.

Chukua paneli 8 za wati 400. Zote kwa pamoja zina uzito wa kilo 180 hivi, na mtu akisikia hivyo hudhani nguzo yoyote itabeba. Lakini safu hiyo ina eneo la karibu mita za mraba 16, tena imeinamishwa. Upepo ukiipiga kwa nyuma, inakuwa tanga la jahazi. Upepo wa kilomita 108 kwa saa husukuma kwa nguvu ya kilo 55 hivi kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa 16, unakaribia kilo 900, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo inanyanyua. Sasa piga hesabu ya zege. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege ina kilo 48 hivi. Nguzo nne zenye ndoo moja moja, ukijumlisha na uzito wa paneli zenyewe, hazifiki hata kilo 400. Hapo ndipo mtu anaamka asubuhi anakuta safu imelala kifudifudi.

Kwa hiyo chimba kwenda chini, na shimo liwe pana zaidi kitakoni kuliko mdomoni, ili udongo ulikalie zege lising'oke. Kwenye kichanga au udongo wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, usikisie: muulize fundi ujenzi anayeujua udongo wa hapo. Bomba la chuma lililopakwa zinki ukilikata, pakeni mahali pa mkato rangi ya zinki siku hiyo hiyo. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Waya wa shaba wa ethi (wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) usigusane moja kwa moja na fremu ya alumini, maana unyevu ukiingia hapo alumini huliwa; kuna vibanio maalumu vya kazi hiyo.

Mwinamo hausumbui sana. Fuata nyuzi za latitudo ya mahali ulipo, paneli zitazame upande wa ikweta. Karibu na ikweta kwenyewe usilaze chini ya nyuzi 10, la sivyo mvua haitaosha vumbi vizuri. Kivuli ndicho cha kuogopa. Kabla ya kuchimba, kagua eneo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na ukumbuke kwamba jua huhama kwa misimu. Paneli zilizounganishwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata, hutegemeana, hivyo kivuli cha tawi kwenye moja kinaweza kupunguza umeme wa safu kwa kiasi kisicholingana kabisa na udogo wake.

Halafu kuna umbali, ambao wengi huukumbuka wakati mtaro wa waya umeshafukiwa. Tuseme paneli ziko mita 40 kutoka nyumbani, waya ni wa shaba wa milimita 4 za mraba, na kila paneli hutoa volti 38 na ampia 10.5. Ukiziunga zote 8 mfululizo unapata volti 304 na ampia zilezile 10.5, na njiani zinapotea volti 4 hivi. Ukiziunga mbili mbili, kisha jozi hizo nne sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja), unapata volti 76 na ampia 42. Hapo, kwa kuwa ampia ni mara nne, zinapotea karibu volti 15, yaani moja ya tano ya umeme wako, na waya wenyewe utachemka. Paneli ni zilezile.

Ila volti 300 za DC, umeme wa mkondo mmoja unaotoka kwenye paneli, si za kuchezea. Cheche ya DC haijizimi kirahisi kama ya AC, umeme wa nyumbani, kwa hiyo usichomoe konekta wakati vifaa vinavuta umeme, na swichi ya kukata umeme iwe imetengenezwa kwa DC. Angalia pia kikomo cha volti cha inveta, kifaa kinachogeuza DC kuwa AC: paneli hiyo isipovutwa umeme hufika volti 46 hivi, na baridi huipandisha zaidi. Paneli 8 hapo ni volti 368 kabla ya baridi. Kontrola (kifaa cha kudhibiti chaji ya betri) yenye kikomo cha volti 150 itaungua siku ya kwanza.

Kuchimba, kumwaga zege, kufunga fremu na kupanga paneli, fanya mwenyewe. Tutakuuzia vifaa na kukuchorea msingi. Kuunga kwenye inveta na kwenye umeme wa nyumba, mwachie fundi umeme mwenye leseni, wetu au wako. Kabla hujanunua waya, tutumie picha ya eneo, umbali hadi ilipo inveta na modeli yake. Tutakupa saizi ya waya na mpangilio wa paneli.