Watoto wetu nao watembezwe

Mhariri,

Jumamosi, baada ya chuo cha Kurani, niliwachukua wajukuu wangu watatu hadi Ngome ya Lamu. Mimi mzaliwa wa mtaa wa Langoni, na ngome ile, iliyomalizwa kujengwa 1821, niliijua kama jela tu. Hadi 1984 ilikuwa na wafungwa, nasi utotoni tukipita mbio. Mdogo wao akauliza wafungwa walilala wapi. Sikuwa na jibu.

Kisha, katika Makumbusho ya Lamu, siwa ya Pate, yaani baragumu kubwa ya pembe za ndovu, iliwanyamazisha wote, na kuwanyamazisha hawa si kazi ndogo! Ila mtembezaji tuliyempata alieleza kwa Kiingereza, kwa kuwa wageni walikuwapo. Naomba tutengewe alasiri moja kwa wiki, maelezo yawe kwa Kiswahili. Halua tutanunua wenyewe.

Bibi wa Langoni,
Lamu