Shukrani kwa dada aliyepita Keko

Dada yangu uliyekuja Jumamosi kwenye karakana yetu ya samani hapa Keko, Dar es Salaam, kutafuta kitanda, jina hukutuachia. Kijana wetu aliyekatwa kiganja na msumeno wa umeme anaendelea vizuri. Ameshonwa, na vidole vyote anavikunja.

Sisi tulikuwa tunapiga kelele tu, mzee mmoja keshashika unga wa kahawa autie kwenye kidonda. Wewe ukatoa mkobani gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, na glavu (nani hutembea na glavu, jamani?), ukamlaza, ukainua mkono wake na kukandamiza jeraha kwa nguvu. Gozi ilipolowa hukuibandua, uliongeza nyingine juu yake. Ukasema ukiitoa unaifumua damu iliyoanza kuganda. Hukuachia mpaka bajaji ikafika, ukapanda nayo hadi hospitali.

Sanduku la huduma ya kwanza limeshatundikwa ukutani kama ulivyoagiza: gozi, bendeji pana, glavu, plasta, mkasi. Fundi mkuu ametangaza vita na yeyote atakayeuchukua mkasi huo kukatia msasa.

Mama yake kijana anakusalimu sana, anakuombea kila swala. Na kile kitanda cha mninga bado kipo. Njoo, bei tutaelewana.