Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya baba yetu, Katumba

Kwa niaba ya mama, ndugu zangu sita, wajukuu na ukoo mzima, nawashukuru nyote mliotushika mkono tangu usiku ule baba alipotutoka hadi tulipompumzisha nyuma ya nyumba yake, kando ya miembe aliyoipanda mwenyewe. Ilikuwa wiki ya mvua. Vijana waliochimba kaburi walichota maji kwa ndoo mpaka saa sita mchana, na hakuna aliyeuliza atapewa nini.

Madaktari na wauguzi mliomhudumia Mpanda, asanteni. Mwenyekiti wa kijiji, wazee wa kanisa, kwaya mbili mlioimba kwa kupokezana hadi alfajiri, asanteni. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mlipika siku nne na sufuria zenu mkaziosha wenyewe. Nyie wa bodaboda mliotuletea wageni kutoka stendi bila nauli, tumewaona. Na mliotuma rambirambi kwa simu, kila ujumbe tumemsomea mama.

Sasa naomba niwalipe deni moja. Wasifu niliopewa kusoma siku ile niliukatisha mstari wa tatu. Mliokuwepo mnajua kwa nini. Acha niumalizie hapa.

Baba alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi. Mwaka wa kuzaliwa ni kitendawili: karatasi zake zina miaka mitatu tofauti, kila karani alimkadiria kwa kumtazama usoni. Alivuka kuja Tanzania mwaka 1972, mauaji ya mwaka ule yalipofika kilimani kwao. Alikuwa kijana asiye na mke, mdogo wake mgongoni, jembe begani. Kwa nini jembe na si sufuria? Mama alimuuliza hivyo miaka yote ya ndoa yao. Alikuwa anajibu kwamba sufuria huazimwa.

Kutoka Kigoma walipanda treni hadi Kaliua, wakashika njia ya Mpanda, wakashushwa kwenye pori la miombo. Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalianza mwaka 1973, na wenyeji waliowapokea ni mbung'o na tembo. Kila familia ilipimiwa hekta 5 na kupewa mgao wa chakula hadi itakapovuna cha kutosha. Kijana na mtoto wa kubebwa mgongoni wakaandikwa kuwa familia.

Lakini mimi baba nilimfahamu kwenye bani, nyumba ya kukaushia tumbaku. Mliolima tumbaku hamhitaji kuelezwa: majani yakishapandishwa kwenye fito, moto haulali siku sita au saba. Ukiharakisha joto kabla hayajawa ya njano, umeyapika. Ukisinzia, yanageuka meusi na msimu umekwenda. Alikuwa ananipa zamu ya saa sita usiku, halafu yeye haendi kulala. Anakaa upande wa pili wa tanuru, anajifanya amesinzia. Usiku mmoja, nikiwa darasa la tano, nikamuuliza waliuvuka vipi mto Malagarasi, ule wa mpakani. Akasukuma gogo ndani, akaweka kiganja ukutani kupima joto, maana kipimajoto hakukiamini kamwe. Akasema, "Usiku. Mdogo wangu alikuwa na kikohozi, nikamziba mdomo kwa kiganja hiki." Akakitoa ukutani, akakitazama. Sikuuliza tena, na yeye hakurudia tena.

Kwa vijana mliozaliwa juzi: zamani mtu wa makazi hakutoka bila kibali cha Mkuu wa Makazi, chenye jina, uendako, sababu na siku. Kwenye sanduku lake la bati tumekuta vibali 57, vimefungwa kwa kamba ya katani. Kimoja kinasema: kwenda Ulyankulu, makazi mengine ya wakimbizi, kuposa, siku 5. Aliyeposwa ndiye mama. Mvua ikamchelewesha siku mbili, na njiani akalala mahabusu kwa kibali kilichokwisha muda. Mji wenyewe siutaji, waliomkamata wameshastaafu. Tangu hapo hakwenda hata gengeni bila karatasi mfukoni. Hata juzi hospitali, koti lilipovuliwa, nakala ya cheti cha uraia ilikuwemo, ndani ya mfuko wa nailoni.

Hakuwa mtu mwepesi. Dada yetu mkubwa alifaulu, na baba akamzuia kwenda shule ya bweni. Alisema ni ada, lakini sisi tulijua ni hofu: mtoto wa mkimbizi peke yake barabarani na kikaratasi. Dada hakumsemesha msimu mzima. Maneno ya kuomba radhi baba hakuwa nayo. Miaka mingi baadaye alimpimia shamba la bondeni, lile lenye maji, sawa kabisa na watoto wa kiume, na wazee wa ukoo wakanung'unika hadi wakachoka. Nadhani dada alisamehe. Yeye mwenyewe atasema.

Mwaka 2007 serikali ikatuwekea mambo mawili mezani, kurudi Burundi au kuomba uraia wa tajnisi. Baba mdogo akachagua kurudi. Baba akabaki. Siku ya mahojiano nilimsindikiza. Kirundi kilimfanya aione "l" na "r" kuwa mtu na ndugu yake, basi alipoambiwa atie sahihi akageuka kwa heshima zote akamwambia karani, "Mama, naomba karamu." Ukumbi ukaangua kicheko. Yule mama karani akampa kalamu yake akamwambia, "Karamu utaifanya wewe, Mzee, siku ya cheti." Baba akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeandikishiana mkataba.

Cheti kilichelewa. Mwaka 2010 watu zaidi ya 160,000 tulikubaliwa kuwa raia, lakini tukaambiwa tuyaache makazi na kuhamia mikoa mingine ndipo tupewe vyeti. Wengi tulisimama pale pale. Paa la nyasi la baba lilivuja masika manne naye hakuliezeka. Mche wa mwembe niliomletea akaurudisha kwa jirani. Alikuwa akisema mwembe ni wa mtu anayejua atazikwa wapi. Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa, na ile habari ya kuhama ikafa. Chake alikipata mwaka 2015. Mwezi huo huo alinunua mabati, akachimba mashimo manne ya miembe, akachinja mbuzi wawili, akatuma watu wakamtafute yule mama karani. Alikuwa ameshahamishwa. Baba akaagiza sahani yake iwekwe tu mezani, ikafunikwa, haikuguswa hadi jioni.

Ndiyo maana nawashukuru kwa namna ya pekee nyie majirani wa vijiji vya nje ya makazi. Miaka 40 na zaidi baba kwenu alikuwa "yule mkimbizi", na hilo halikuwa tusi, lilikuwa jina tu. Siku ya mazishi mmoja wenu alisimama akasema amekuja kumzika mzee wa hapa. Mama ameniomba niliandike neno hilo, nami nimeliandika.

Shukrani nyingine ni kwa baba mdogo, yule wa kikohozi. Alisafiri siku mbili kutoka Makamba kupitia mpaka wa Manyovu, akafika jeneza likishushwa. Mzee wa miaka yake, alichukua jembe mkononi mwa kijana mmoja na hakukubali kupokelewa hadi udongo ulipojaa.

Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Tumeweka daftari mezani, na yeyote mwenye kumbukumbu ya Mzee aje aiandike, iwe nzuri au ya ugomvi. Kalamu zipo. Karamu ipo pia.