Kuhusu mdogo wako na haya maono yake

Kaka, Tumsifu Yesu Kristo. Za Dar? Huku Ndanda wazima, mama anakusalimia sana. Najua nimekaa kimya mno ila msimu wa korosho si unaujua. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mdogo wako anaona maono. Siyo ndoto eti, maono kabisa, na kila tukikutana jumuiya lazima atuhadithie. Juzi katekista kamwambia taratibu tu, "haya mpelekee kwanza paroko," basi kachachamaa, eti paroko hana macho ya rohoni! Halafu yule bibi anayefagia kigango akawa anasali na kile kisauti chake cha kutetemeka, jamaa akamkatiza katikati ya Salamu Maria aelezee malaika alivyovaa. Nilitaka kucheka, nikamwona bibi kainamia rozari yake kidole bado kiko kwenye punje ile ile, hamu ikaisha.

Sisemi anadanganya, Mungu humpa amtakaye. Ila si unaikumbuka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile sheria ya watawa, sura ya 7, ile ngazi ya unyenyekevu yenye vidato 12? Cha 9 ni kufunga mdomo mpaka uulizwe. Sasa huyu nani kamuuliza? Na Mtakatifu Yohane wa Msalaba ndo kabisa, watawa wenzake Wakarmeli walimfungia kwenye kijichumba Toledo kule Hispania, toka mwishoni mwa 1577 mpaka Agosti 1578 alipotoroka, humo humo gizani akatunga mashairi yanayosomwa mpaka leo, halafu mtu huyo huyo anasema maono usiyashikilie hata yakiwa ya Mungu kweli, kwa sababu kama yana faida imeshaingia rohoni, ukiyang'ang'ania unaanza kujiona. Mtakatifu Teresa wa Avila, Mkarmeli mwenzake, naye aliona mengi tu, lakini aliyaandika ili waungamishi wake wampime, anaogopa asije akawa anadanganywa. Wetu hataki kupimwa na mtu!

Kinachoniuma zaidi, korosho zake zinaozea chini, shemeji anaokota peke yake mtoto mgongoni, mwenyewe yuko chini ya mwembe eti mafungo. Aah, we acha tu.

Wewe anakuogopa kidogo, mpigie basi. Hivi haya yalianza alipokuwa huko kwako au ni hapa hapa? Nikimpeleka kwa yule padre wetu wa abasia atanielewa au atasema nami nimetumwa? Krismasi unakuja? Na ule mchango wa bati za kigango vipi, unatuma au nisahau?