Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data Binafsi: msipime faragha kwa kitufe cha "Nakubali"

Mheshimiwa Kamishna,

Kila sheria ya data inapotaka kukazwa, kampuni za mitandao huja na hoja ileile: watu wenyewe hawajali. Wanatoa taarifa zao kwa huduma ya bure au kwa zawadi ndogo, kwa hiyo thamani yake ni ndogo. Naomba ofisi yako isiikubali hoja hiyo, kwa sababu utafiti wa miaka mingi unaonyesha kinyume.

Mwaka 2013, Alessandro Acquisti, Leslie John na George Loewenstein walichapisha jaribio walilowafanyia wanunuzi nchini Marekani. Baadhi walipewa kadi ya zawadi ya dola 10 ambayo matumizi yake hayafuatiliwi. Wengine walipewa ya dola 12, lakini manunuzi yao yangeunganishwa na majina yao. Kisha wakaulizwa kama wangependa kubadilisha. Walioanza na kadi ya siri, zaidi ya nusu yao waliing'ang'ania na kuziacha dola 2 zipite. Walioanza na kadi inayofuatiliwa, hata asilimia 10 hawakufika waliokubali kupoteza dola 2 ili wapate usiri. Kadi ni zilezile na pengo ni lilelile. Kilichotofautiana ni kile ambacho mtu alikuwa nacho mkononi kabla ya kuulizwa.

Angela Winegar na Cass Sunstein walikuta jambo la namna hiyo mwaka 2019, na pengo lao ni kubwa zaidi: kwa kiwango cha kati, watu walikuwa tayari kulipa dola 5 tu kwa mwezi ili walinde faragha yao, lakini walidai dola 80 ili waiachie. Sasa tazama, Mheshimiwa, jinsi huduma nyingi za intaneti zilivyopangwa. Unafungua akaunti ukikuta ufuatiliaji umeshawashwa, na ukitaka kuuzima ni juu yako kuutafuta. Yaani tunaulizwa swali la dola 5 kila siku, na lile la dola 80 hatuulizwi kamwe. Halafu ukimya wetu unaletwa mezani kwako kama ushahidi kwamba hatujali.

Kuna utafiti mwingine ambao naufikiria sana. Watumiaji wa intaneti nchini Hispania walipoulizwa wangeuza kwa kiasi gani, historia ya kurasa walizotembelea waliipa takriban euro 7, na taarifa kama umri na anwani takriban euro 25. Mimi naona ingepaswa kuwa kinyume. Umri wangu hausemi mengi. Kurasa ninazofungua usiku zinasema ninaumwa nini, nina deni au sina, ninasali vipi, ninataka kuacha kazi au la. Ila umri mtu anaujua, na anajua akiutoa ametoa nini. Kile kitakachochambuliwa kutoka kwenye historia yake hakijui, basi hawezi kukipangia bei. Tumezoea kwamba anayeuziwa mbuzi kwenye gunia ni mnunuzi. Hapa muuzaji ndiye asiyejua kilichomo, na mnunuzi ameshakihesabu.

Tena mara nyingi tunachouza si chetu peke yetu. Katika sakata la Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa iliyojipatia data za watumiaji wa Facebook, watu wapatao 270,000 ndio waliopakua programu ya maswali, lakini Facebook yenyewe ilikiri kwamba huenda taarifa za watu hadi milioni 87 ziliguswa, kwa sababu programu ilifikia na marafiki. Vipimo vya vinasaba ni vivyo hivyo: nikitoa mate yangu, nimemtoa na dada yangu. Hakuna malipo ninayoweza kupokea kwa niaba yake.

Ndiyo maana siungi mkono wazo la kuwalipa watu kwa data zao, ingawa najua linapendwa na lina nia njema. Mwenye shida ndiye atakayeuza kwanza, tena kwa bei ya chini. Mwaka 2019 ilibainika kwamba Facebook ilikuwa ikilipa watumiaji, wakiwemo vijana wa miaka 13, hadi dola 20 kwa mwezi ili ione karibu kila walichofanya kwenye simu. Na kulipia ili usifuatiliwe hakujatatua chochote. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilipoleta mpango huo Ulaya mwishoni mwa 2023, Kamisheni ya Ulaya iliishia kuitoza faini ya euro milioni 200 mwezi Aprili 2025, kwa kuwa watumiaji hawakupewa chaguo la kweli.

Ninachoomba ni hiki. Agiza kila huduma ianze na ufuatiliaji ukiwa umezimwa, na anayeutaka auwashe mwenyewe. Zilazimishe kampuni zituonyeshe, kwa lugha tunayoielewa, si tu walichokusanya bali na walichokisia kutuhusu. Usitambue ridhaa ya mtu mmoja kuwa ridhaa ya watu wote waliomo kwenye simu yake. Na kampuni ikija ofisini kwako na hesabu ya waliobofya "Nakubali", iulize kwanza kitufe cha kukataa kilikuwa wapi.

Wako,
Mtumiaji wa intaneti