Hukumu ninayo, jina kwenye mfumo bado ni lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza akina mama wa huku Newala kila msimu wa korosho unapofunguliwa: malipo kwenda kwa mwanamume aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama ameshaondoka shambani.

Shamba ninalolima alinipa mjomba wangu mwaka 2006. Sisi Wamakonde ukoo wetu ni wa mama, na tangu enzi za bibi zetu mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Ndivyo alivyokuja baba watoto wangu. Hatukufunga ndoa wala hatukuwa na cheti, ila kijiji kizima kiliniita mke wake, na watoto watatu tuliwazaa humo. Tulifyeka pori pamoja, tukapanda mikorosho 84. Usajili wa wakulima kwenye mfumo wa kompyuta wa korosho ulipofika kijijini, mwandikishaji aliuliza mkuu wa kaya ni nani, akaandika jina la mwanamume, namba yake ya simu na akaunti yake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na jembe mkononi. Sikusema kitu, kwa kuwa nilidhani limeandikwa jina la nyumba yetu.

Mwaka 2021 akaondoka, akaanza maisha mengine Masasi. Msimu ule niliokota peke yangu na wanangu, tukatenganisha korosho na mabibo mpaka vidole vikawa vyeusi, nikapeleka kilo 412 kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika. Karatasi ikatoka na jina lake. Nikamwonyesha karani. Akanijibu kwa upole, maana ni kijana mwenye adabu: "Mama, mimi naingiza namba tu. Jina likija, ndilo hilo." Baada ya mnada, ujumbe wa malipo uliita kwenye simu iliyoko Masasi. Mwanangu wa pili alikaa nyumbani wiki tatu kwa kukosa sare na daftari.

Nikaenda baraza la kata, kisha mahakama ya mwanzo. Ndugu zake walisema mimi nilikuwa hawara. Hakimu akatusomea kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawahesabu kuwa mke na mume, itadhaniwa kuwa wameoana. Anayepinga dhana hiyo alete ushahidi. Mimi nilileta balozi wetu wa nyumba kumi, jirani, na simu yangu ndogo yenye jumbe zake za miaka mingi. Mmoja ulisema, "Mke wangu, miti ya juu umeshaipulizia?" Jumbe za simu nazo ni ushahidi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua. Kupika na kulea navyo vilihesabiwa, kwani Mahakama ya Rufani ilishatamka tangu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 2023 nikapewa mikorosho 54, yeye 30.

Nililia kwa furaha siku ile. Nikadhani yameisha.

Misimu miwili imepita na jina halijabadilika. Nilipopeleka nakala ya hukumu niliambiwa mwenye namba ya usajili aje mwenyewe aombe mabadiliko. Mtu aliyeshindwa kesi ndiye nimsubiri anihurumie! Hata pembejeo zinatoka kwa jina lake, hivyo salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, nanunua kwa fedha ninayopata kwa kufanya vibarua.

Mhariri, mila ya bibi zangu inanitambua kwenye shamba hili. Sheria ya mwaka 1971, iliyotungwa kabla sijazaliwa, nayo inanitambua. Kilichokuja juzi, mfumo wa kompyuta, ndicho kimenifuta. Wala siupingi mfumo huo. Umetusaidia dhidi ya kangomba, wale walanguzi wanaonunua korosho kwa magendo, na malipo hayapiti tena mikononi mwa watu wengi kama zamani. Ninachoomba ni kwamba usajili wa shamba la familia uwe na majina mawili na namba mbili za simu, ili malipo yakiingia wote wawili tupate ujumbe. Sheria ya ardhi ya kijiji tayari inaruhusu hivyo: hati miliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mke na mume kwa pamoja. Kwa nini korosho zinazoota juu ya ardhi hiyo hiyo ziwe za mmoja? Na hukumu ya mahakama itoshe kubadili jina, bila kumsubiri aliyeshindwa.

Akina mama wenzangu mnaoishi na waume bila cheti, msifute jumbe zenu za zamani. Nendeni mkaangalie jina lililoandikwa kwenye usajili sasa, mkiwa bado mnakula sahani moja.

Miti yangu yote 54 nimeshaipulizia. Oktoba nitakuwa kwenye foleni ya mizani, nakala ya hukumu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

Mama wa watoto watatu,
Mkulima wa korosho, Newala, Mtwara